Nyumba kuukuu ya Old Louisville: ni nani aliyeijenga, na kwa nini madirisha yake hayabadilishwi ovyo

SWALI: "Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, sasa tuko Louisville, Kentucky. Tumepanga ghorofa ya pili ya nyumba kuukuu ya matofali huko Old Louisville, Third Street. Nje ina mnara kama wa kanisa. Ndani dari liko juu mno, kuna ngazi mbili, na sebuleni kuna mlango uliopigwa misumari hauendi popote. Wakati wa baridi upepo unapita madirishani. Mwenye nyumba anasema hawezi kuyagusa kwa sababu mtaa ni wa kihistoria. Je, ni kweli? Nyumba ya namna hii ni salama kwa watoto? Na ni nani aliyejenga nyumba kubwa hivi kwa ajili ya familia moja?"

JIBU: Mama, nianze na watoto, maana hilo halingoji.

Kwa miongo mingi rangi za nyumba hapa Marekani zilitiwa madini ya risasi, na hazikupigwa marufuku majumbani hadi mwaka 1978. Nyumba nyingi za mtaa wenu zilijengwa kati ya miaka ya 1870 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kwa hiyo chukulia kwamba chini ya rangi unayoiona leo kuna matabaka kadhaa ya zamani, na baadhi yana risasi. Rangi iliyoshika vizuri ukutani haina madhara ya haraka. Kinachodhuru ni magamba na vumbi lake, na mahali linapotoka kwa wingi ni dirishani. Fremu inapopandishwa na kushushwa, mbao husuguana na mbao, rangi husagika, na vumbi hutua kwenye kizingiti cha chini, palepale mtoto anapoweka viganja akichungulia barabara. Baadaye anatia kidole mdomoni. Walio chini ya miaka sita ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ubongo wao bado unajengeka, na madhara yake hayaonekani kwa macho mpaka mtoto aanze kupata shida shuleni.

Muombe daktari wa watoto awapime damu. Ikiwa mlikuja kama wakimbizi, watoto kwa kawaida hupimwa wakifika nchini, lakini kipimo cha siku hizo kinaeleza walikotoka. Hakielezi lolote juu ya nyumba mliyohamia baadaye, kwa hiyo ombeni kirudiwe. Futa vizingiti vya madirisha na sakafu iliyo chini yake kwa kitambaa chenye maji, usifagie kukavu. Usikwangue rangi mwenyewe, wala usimwachie fundi wa bei nafuu aipige msasa. Sheria ya nchi inataka anayelipwa kuvuruga rangi katika nyumba ya kupanga iliyojengwa kabla ya 1978 awe na cheti cha kufanya kazi hiyo kwa usalama. Sheria hiyohiyo ya risasi inamtaka mwenye nyumba akueleze anachokijua kuhusu rangi hiyo, na akupe kijitabu cha maelezo, kabla hujatia saini mkataba. Kama hukupewa, una haki ya kukidai leo. Na mkitaka kulima lengalenga uani, msipande kando ya ukuta, kwa sababu rangi iliyobanduka miaka mia moja imelala kwenye udongo ule. Tengenezeni tuta la mbao mbali na nyumba, mjaze udongo wa kununua.

Lingine ni mabomba ya chini ya nyumba. Ukiona bomba kuukuu limefungwa kitu cheupe au cha kijivu kama bandeji ya plasta, inaweza kuwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambazo zikivutwa kwa pumzi hudhuru mapafu. Lisiguswe, wala watoto wasicheze karibu yake. Na kama nyaya za umeme hazijabadilishwa, usizibebeshe hita mbili kwenye soketi moja. Hayo yakishughulikiwa, nyumba yenyewe ni imara kuliko nyingi zinazojengwa sasa. Nasema hivyo kwa dhati, na sababu zake nitazieleza.

Sasa nije kwa aliyeijenga. Louisville ilianzishwa mwaka 1778 kando ya mto Ohio, na kwa muda mrefu ulikuwa mji wa bandari ya mto uliojikusanya karibu na maji. Mtaa wenu, licha ya jina lake, si sehemu ya kale kuliko zote. Ulikuwa viunga vipya vya kusini, na jina la Old Louisville ulipewa katika miaka ya 1960. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mji ulipata fedha nyingi kwa tumbaku, wiski ya bourbon, ngozi na reli, na wenye fedha walitaka kuishi mbali na moshi wa viwanda. Tramu za kukokotwa na farasi zilifanya iwezekane mtu kufanya kazi karibu na mto na kulala maili mbili kusini.

Kilichoukuza mtaa kwa kasi ni maonyesho makubwa ya biashara yaliyoitwa Southern Exposition. Rais Chester Arthur mwenyewe alikuja kuyafungua tarehe 1 Agosti 1883, na yalirudiwa kila mwaka hadi 1887. Ndani yake ziliwashwa taa 4,600 za umeme za Thomas Edison, wakati ambapo watu wengi duniani walikuwa hawajaona taa hata moja ya umeme. Maelfu walikuja kutazama, wakarudi kwao wakijua kwamba upande wa kusini wa Louisville ndipo mambo yalipo. Maonyesho yalipokwisha jengo lilivunjwa, na kuanzia mwaka 1890 uwanja wake ukakatwa viwanja vya makazi. Palipokuwa na mashine na taa pakatokea St. James Court, yenye bustani katikati na chemchemi, na Belgravia Court, ambako milango ya mbele inatazama njia ya miguu na hakuna gari linalopita. Majina hayo yaliazimwa London makusudi. Enzi ya Malkia Victoria, yule ambaye ziwa la Mwanza na Kisumu liliitwa kwa jina lake, ilikuwa bado inaendelea, na matajiri wa Kentucky walipenda kuonekana wana ladha ya Kiingereza. Taa za gesi za St. James Court zinawaka mpaka leo. Kutoka kwenu mnaweza kutembea kwa miguu na watoto mkazione jioni.

Mnara wa nyumba yenu haukuwa wa ibada wala wa ulinzi. Mtindo ulioshamiri miaka ile, unaoitwa Queen Anne, ulikataa nyumba ya umbo la sanduku. Ulitaka paa lenye miinuko mingi, baraza pana, ukuta uliotokeza huku na kurudi ndani kule, na mnara wa pembeni. Ukisimama ndani ya duara la mnara utaona faida yake: mwanga unaingia kutoka pande tatu, na upepo vilevile. Majirani zenu wengine walijenga kwa mtindo mzito zaidi ulioanzishwa na msanifu Henry Hobson Richardson, wenye mawe yaliyochongwa yakaachwa na sura ya kuparuza, na matao ya nusu duara juu ya milango. Mfano bora ni nyumba ya Conrad-Caldwell hapo St. James Court, iliyokamilika mwaka 1895. Mwenyewe alikuwa Theophile Conrad, mhamiaji kutoka Ufaransa aliyetajirika kwa biashara ya ngozi. Sasa ni makumbusho, na kuingia humo kutakufundisha zaidi ya ninavyoweza kuandika hapa, kwa sababu vyumba vyake havikukatwakatwa kama vyenu.

Watu hudhani mapambo yote yale yalichongwa kwa mkono na mafundi waliotumia miaka. Mengine ndiyo. Lakini mengi ni kazi ya mashine. Misumeno na mashine za kukerezea zilizoendeshwa kwa mvuke zilitoa nguzo za ngazi na urembo wa baraza kwa mamia. Chuma cha kusubu na udongo wa kuchoma vilitiwa kwenye kalibu, reli ikavisafirisha, na mjenzi akavichagua kwenye katalogi. Ndiyo sababu hata nyumba za watu wa kipato cha kati mtaani kwenu zina urembo. Mimi naipenda zaidi enzi hii kwa jambo hilo. Kwa mara ya kwanza karani wa benki aliweza kuwa na mlango mzuri kama wa bosi wake.

Uzuri huo hata hivyo ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe uko kwenye ngazi zenu mbili. Ya mbele ni pana, mbao zake ni ngumu na zimechongwa, na kwenye kona yake huenda kuna kioo cha rangi. Ya nyuma ni nyembamba, yenye mwinuko mkali, ya mbao hafifu. Ile ilikuwa ya familia na wageni, hii ya watumishi. Angalia na sakafu: mara nyingi vyumba vya mbele ni mwaloni na vya nyuma ni msonobari. Angalia hata matofali: ya mbele yamenyooka na viungio vyake ni vyembamba, ya ubavuni na nyuma ni ya kawaida. Kila senti ilitumika pale mgeni atakapoiona.

Na waliopanda ngazi ya nyuma ni akina nani? Huko Kentucky utumwa ulikoma Desemba 1865 tu, na nyumba kama yenu zilianza kujengwa miaka michache baadaye. Wanawake weusi waliokuwa watumwa, na binti zao, walipika na kufua katika nyumba hizi, wengine pamoja na wahamiaji wa Kiairishi. Makaa ya mawe yalibebwa kutoka kichochoroni na kupandishwa kwenye meko ya kila chumba, na majivu yakateremshwa. Baadhi ya wafanyakazi walilala darini au juu ya banda la farasi huko nyuma, wengine walitoka mitaa kama Smoketown, ambako Waamerika weusi wengi walihamia baada ya vita. Nyumba za mitaa hiyo ni nyembamba, chumba kimoja nyuma ya kingine bila ukumbi wa kupitia. Wenyeji huziita shotgun, na Louisville ina nyingi. Watafiti kadhaa wamefuatilia umbo hilo kupitia New Orleans hadi Haiti, na kutoka huko hadi Afrika Magharibi. Mtu anayetaka kuijua historia ya ujenzi ya mji huu hawezi kuishia kwenye minara ya Third Street. Atembee na huko.

Turudi kwenye ule mlango wenu uliopigwa misumari. Matajiri hawakukaa muda mrefu. Tramu za umeme, halafu magari, ziliwapeleka mashariki kwenye viwanja vipya na vya juu zaidi. Mafuriko ya Januari 1937, yaliyofunika sehemu kubwa ya mji, yaliwaongezea wengi hamu ya kuhamia vilimani. Nyumba ya vyumba kumi na tano haina mnunuzi wakati wa dhiki ya uchumi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wafanyakazi wa viwanda walihitaji mahali pa kulala. Ndipo nyumba moja ikawa ya kupangisha kwa familia tano au sita. Mlango kati ya sebule na chumba cha kulia ukazibwa, kila upande ukawa na mpangaji wake. Huenda ndani ya ukuta huo bado kuna milango miwili mizito ya mbao inayoteleza, iliyofungiwa humo tangu enzi hizo. Mwulize mwenye nyumba, lakini usibomoe.

Kufikia miaka ya 1950 na 1960 nyumba nyingi zilikuwa zimechakaa na kubomolewa lilikuwa jambo la kawaida. Mtaa wenu uliokolewa na wakazi walionunua nyumba zilizochoka wakazikarabati, wakaanzisha mwaka 1957 maonyesho ya sanaa ya St. James Court, ambayo hufanyika hadi leo kila Oktoba, na wakaishinikiza serikali ya mji. Mwaka 1975 mtaa uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria.

Miaka hiyohiyo, umbali mfupi tu kutoka hapo, Walnut Street, uti wa biashara wa Waamerika weusi wa Louisville, wenye maduka, kumbi za muziki na ofisi zao, ulibomolewa karibu wote kwa mpango ulioitwa wa kuufanya mji upya. Barabara yenyewe ilipewa jina la Muhammad Ali mwaka 1978, miaka minne baada ya pambano lake la Kinshasa, lakini majengo hayakuwepo tena. Huu ni mji uliowahi kuwa na sheria, ya mwaka 1914, iliyomkataza mtu mweusi kuhamia kwenye kitalu chenye weupe wengi, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta mwaka 1917. Nafurahi sana kwamba Old Louisville ipo. Inaniuma kwamba waliokuwa na uwezo wa kuamua kipi ni historia waliiona hapa wasiione kule, na naona familia kutoka Uvira inayopanda leo ngazi ya mbele ya Third Street imepata haki ambayo wengi waliofanya kazi katika nyumba kama ile hawakuipata.

Sasa madirisha. Mwenye nyumba amekwambia nusu ya ukweli.

Orodha ya taifa, peke yake, haimzuii mtu kubadilisha nyumba yake kwa fedha zake. Kinachomfunga ni sheria ya mji: Old Louisville ni eneo la hifadhi, na anayetaka kubadilisha sura ya nje, madirisha yakiwemo, anahitaji kibali cha tume ya mji inayosimamia majengo ya kihistoria. Kibali hicho kinahusu nje tu. Ndani haiwahusu. Na kutengeneza kilichoharibika kwa namna ileile kilivyokuwa kunakubalika, hata kunatakiwa. Kwa hiyo "siwezi kuweka madirisha ya plastiki" inaweza kuwa kweli. "Siwezi kuyagusa" si kweli.

Na mimi nisingependa yaondolewe, kwa sababu ambazo ni za faida yako. Mbao za fremu zile zilitoka kwenye miti ya msitu wa kale iliyokua polepole, nyuzi zake zimebanana, haziozi kirahisi kama mbao za leo. Dirisha lina fremu mbili zinazopanda na kushuka, zikivutwa kwa kamba na vizito vya chuma vilivyofichwa ndani ya ukuta. Kiangazi, shusha ya juu na pandisha ya chini: joto lililojikusanya chini ya dari linatokea juu, hewa ya kivuli inaingilia chini. Kile kidirisha kilicho juu ya mlango wa chumba ni cha kazi hiyohiyo, kupitisha hewa milango ikiwa imefungwa. Dari liko juu kwa sababu hiyo, kiangazi cha Louisville ni kizito na mashine za kupoza hewa hazikuwepo. Wakati wa baridi urefu huo ni hasara, sitakuficha. Ndiyo maana kila chumba kilikuwa na meko, na baadaye rejeta, yale mabomba mazito ya chuma ya kupashia chumba joto.

Kuta nazo zimejengwa kwa hesabu hiyo. Matofali ya zamani ni laini, yameunganishwa kwa chokaa na mchanga, na chokaa hupokea unyevu na kuuachia. Ukiona fundi anaziba viungio vya nje kwa saruji ngumu, mwambie mwenye nyumba. Saruji haiachii maji, unyevu unabaki ndani ya tofali, baridi ikifika maji yanaganda na kuvimba, na uso wa tofali unapasuka na kudondoka. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua tatizo hilo vizuri kwenye kuta zao za mawe ya matumbawe: saruji iliyopakwa kwa nia njema imeharibu kuta ambazo chokaa ilizitunza kwa zaidi ya karne.

Kwa hiyo mwombe mwenye nyumba kwa maandishi mambo matatu, na uweke nakala. Akaze madirisha: kamba zilizokatika zibadilishwe, vioo vilivyolegea vishikizwe upya, na pembeni vitiwe mkanda wa kuzuia upepo. Aweke kwa nje dirisha la pili la kioo, lile Waamerika wanaloliita la dhoruba, ambalo tume huruhusu likiwa limechaguliwa vizuri. Dirisha kuukuu lililokazwa likiwa na hilo la pili hukaribia sana uwezo wa dirisha jipya la vioo viwili. Tatu, azibe nafasi za darini, kwa sababu joto lenu jingi linapotelea juu kuliko dirishani. Akisema hana fedha, mkumbushe kwa upole kwamba serikali ya taifa humrudishia mwenye jengo la kihistoria la kupangisha asilimia 20 ya gharama za ukarabati mkubwa kupitia kodi, akifuata masharti. Inawezekana mhasibu wake hajamwambia.

Wakati mkisubiri, tundika mapazia mazito yanayofika sakafuni, uyafunge jua likizama, na ziba kwa muda nafasi kati ya fremu mbili kwa kamba laini ya kuzuia upepo inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Inabanduliwa majira ya kuchipua bila kuacha alama. Ikiwa fremu ya juu imegandishwa na rangi, kama zilivyo nyingi, iache hivyo mpaka fundi mwenye kile cheti aje kuifungua, na siku hiyo watoto wapelekwe kwa jirani mpaka chumba kifutwe kwa maji.